Saa Huanza Kuhesabiwa Lini?

Asanteni, karibuni. Leo sitaingia kwenye mjadala wa kama ni haki kumlaza mgonjwa wa akili bila hiari yake. Tumeujadili mpaka tukasahau jambo dogo linaloamua mengi: nani yuko zamu?

Tuanze na Uingereza. Kwa sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983, inayotumika England na Wales, polisi akimpeleka mtu aliyezidiwa mahali pa usalama, mtu huyo hushikiliwa kwa saa 24 tu ili apimwe. Zamani zilikuwa 72. Zilipunguzwa mwaka 2017. Daktari anaweza kuongeza saa 12, lakini ni pale tu hali ya mgonjwa mwenyewe inapozuia upimaji. Uhaba wa madaktari haumo. Sheria hudhani daktari yupo.

Haya, madaktari wawili wamempima, wamekubali alazwe. Ofisa anayewasilisha ombi la kumlaza lazima alielekeze kwa hospitali fulani. Kitanda hakuna, kwa hiyo hospitali ya kuandika hakuna. Mapendekezo ya madaktari yana saini zote, na mgonjwa bado yuko kwenye kiti idara ya dharura. Kisheria hajalazwa. Ajaribu kutoka, mlinzi anasimama mlangoni. Amezuiliwa na nani? Mwanasheria ukimuuliza hivyo, hukohoa kwanza. Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, Marekani, haikukohoa: mwaka 2014 iliamua kwamba ukosefu wa vitanda hauhalalishi kumrundika mgonjwa aliyezuiliwa kwa lazima mahali pasipo na huduma stahiki.

Na tunaposema kitanda, jamani, hatusemi godoro. Tunasema muuguzi. Zamu ya usiku ina wauguzi wawili. Mmoja hawezi kubanduka kwa mgonjwa anayetaka kujidhuru. Aliyebaki anagawa dawa, anapokea simu, anafungua mlango. Mgonjwa wa tatu anaanza kupiga kelele. Pengine angetulia kwa kuzungumza naye nusu saa. Hiyo nusu saa ataitoa wapi? Anachomwa sindano, au anafungwa. Kwenye faili wataandika “alikuwa mkali”. Hakuna atakayeandika kwamba tulikuwa wawili.

Kutoka nako kuna foleni yake, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Mgonjwa amepata nafuu Alhamisi, daktari bingwa wa kumruhusu anapita Jumatatu. Sheria ile ya Uingereza inaruhusu siku 28 za uchunguzi kama ukomo, lakini bingwa akiwa adimu, ukomo hugeuka kuwa kawaida. Mtu anapoteza uhuru wake kwa sababu ya ratiba ya mtu mwingine.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kila faili liwe na saa mbili: saa mgonjwa alipohitaji uamuzi, na saa mwenye mamlaka ya kuamua alipofika. Jopo linalopitia rufaa za wagonjwa waliolazwa bila hiari lizione zote mbili, na hospitali itakiwe kueleza kilichotokea katikati.