Sheli Ikifungwa, Paa Hubaki

RUKIA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo Swaleh amenijia na habari ya sheli. Si ya kutia mafuta, ya kutazama.

SWALEH: Ile ya mtaani kwetu, dadangu, iliyofungwa zamani. Pampu zimeng'olewa, imebaki misingi miwili ya saruji na bolti zimeota kutu. Mama mmoja ameweka sufuria la mbaazi juu ya msingi huu, kikapu cha mahamri juu ya ule. Saa mbili asubuhi kivuli chote kimejaa watu.

RUKIA: Chini ya lile paa kubwa?

SWALEH: Hilo hilo. Lilijengwa ili dereva asinyeshewe akitia mafuta. Na pembeni huachwa wazi, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukiuzungushia kuta hutuama chini, unangoja cheche. Sasa tazama: kivuli, upepo wa bahari, hakuna mlango. Hapa Mombasa hiyo ni baraza!

RUKIA: Wallahi, napita pale kila siku na sijaiona hivyo.

SWALEH: Na Asmara, kule Eritrea, je? Ile sheli iitwayo Fiat Tagliero?

RUKIA: Picha nimeiona. Kama ndege inataka kuruka.

SWALEH: Mwaka 1938 mhandisi Mwitaliano, Giuseppe Pettazzi, alitoa mabawa mawili ya zege, kila moja kama mita 15, bila nguzo hata moja chini yake. Husimuliwa kwamba wakubwa hawakuamini, wakataka yategemezwe kwa mbao, na siku ya ufunguzi mbao zikatolewa. Mabawa yangali yamesimama. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia. Mimi naona hiyo ni haki yake. Jengo la kuuzia petroli laweza kuwa na uzuri wa kulindwa.

RUKIA: Kuna zilizopewa kazi nyingine?

SWALEH: Montreal, Kanada, ipo sheli ya msanifu majengo Mies van der Rohe, ya miaka ya 1960, chuma na vioo. Tangu 2011 wazee na vijana wa mtaa hukutana humo. Pampu zilipokuwa, pamewekwa njia za hewa zinazoshuka ardhini.

RUKIA: Ardhini ndiko kunakonitisha. Kwa bibi yangu kulikuwa na kisima, na sheli ilikuwa nyuma ya ukuta. Mwaka mmoja maji yakaanza kunuka mafuta. Bibi akakifunika kwa bati, akaliwekea jiwe juu. Hakikufunguliwa tena mpaka anafariki.

SWALEH: Mola amrehemu. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, limejaa vitundu, kinachovuja hakitulii mahali pamoja. Na tangi la chini lililoondolewa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinachowaka ni mvuke. Lazima lisafishwe, mvuke utolewe, kisha ling'olewe au lijazwe mchanga au zege. Paa nataka libaki, lakini matangi yakaguliwe kwanza.

RUKIA: Na pale kwenu?

SWALEH: Ukutani kuna mabomba matatu membamba, yamepanda kuliko paa. Ndiyo matangi yanapopumulia. Mama wa mbaazi amefunga kamba hapo, anaanika matambara yake. Nilipomweleza ni ya nini, hakujibu neno. Alishika jiko lake la makaa kwa vitambaa viwili, akalihamishia upande wa barabarani.