Mikono ya Watu Wengine

(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Mwanza)

Mwangaluka! Naam, Wasukuma nimewasikia. Na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, shikamooni wakubwa. Vijana, habari zenu.

Mimi ni fundi cherehani, na leo nawaambia nilivyopata mawazo mapya kwa kutazama mikono ya watu wa kazi nyingine. Nimeshona miaka 22, na kati ya hiyo 14 nimeshona sare za shule. Anayeijua kazi hiyo anajua: Desemba unakata, Januari unashona hadi kope zinauma, kola ile ile, marinda yale yale. Hela ipo, sikatai. Lakini siku moja mama mmoja aliniletea kitenge kizuri akasema, "Nishonee unavyoona mwenyewe." Jamani, sikuona kitu. Kitenge kikalala kabatini wiki tatu, nikamrudishia nikisingizia kazi nyingi. Hapo ndipo nilipojua nimebaki na mikono tu.

Nikashauriwa nipumzike. Nikaenda kwetu Magu siku kumi, nikala, nikalala, nikanenepa. Niliporudi, kola ile ile.

Shoga yangu ndiye aliyeniburuta kwenye darasa la batiki, kupamba kitambaa kwa nta na rangi, chumba kimoja huko Mabatini, majiko mawili ya mkaa na mabeseni. Niliingia kwa maringo ya fundi. Saa moja haikuisha nikawa nimeumbuka. Nilipaka nta kabla haijapata moto wa kutosha, ikakaa juu juu bila kupenya upande wa pili, na rangi ikapita chini yake kama mwizi. Nikaambiwa nta ya mishumaa peke yake hupasuka ovyo ikipoa. Changanya na nta ya nyuki, inakuwa laini, inashika mstari. Nikaonywa kuhusu kostiki, dawa kali inayounguza: unaitia kostiki kwenye maji, usithubutu kumwagia maji juu ya kostiki, itachemka ikurukie usoni. Halafu haidrosalfaiti, dawa ya kusaidia rangi iyeyuke, halafu rangi. Nikatoa kitambaa kwenye beseni, kina rangi ambayo sikuitaka kabisa. Nikataka kukirudisha, mwalimu akanishika mkono: "Dada, kiachie hewa." Kikageuka mbele ya macho yangu, polepole, kuanzia kwenye pindo. Nikapiga yowe. Miaka mingi sikuwa nimepiga yowe kwa ajili ya kitambaa.

Na niwaambie ukweli, batiki sijaiweza mpaka leo. Vitambaa vyangu vya kwanza ni matambara ya kufutia cherehani. Nilichopata pale ni kuketi mahali ambapo hakuna aliyeniita fundi.

Baadaye nikapata nafasi ya kwenda kwenye kongamano la wajasiriamali, Dar es Salaam. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba zikafuatana, nami nikasinzia. Sina haya kusema. Lakini kwenye foleni ya chai alisimama nyuma yangu mzee mmoja, fundi viatu. Akashika pindo la koti langu bila hata salamu, akaligeuza, akauliza, "Mshono umeuficha wa nini? Umeuonea aibu?" Nikamwambia kushona vizuri ndiko huko, uzi usionekane. Akacheka. Akanionyesha kiatu chake: kwenye ngozi nene uzi unaonekana tu, kwa hiyo fundi anaupanga, anauchagulia rangi, anaufanya ndio urembo wenyewe. Chai ikatupoa mikononi. Nilirudi Mwanza na daftari tupu la hotuba na kichwa kimejaa uzi mwekundu.

Wa tatu nilikutana naye kwenye kivuko cha Kamanga, nikienda Sengerema kufuata deni. (Deni sikulipata.) Kijana mvuvi alikaa karibu nami na wavu wa sangara mapajani, anaufuma. Wavu una tundu kubwa, naye badala ya kuziba akatoa kisu akaanza kulikata, tundu likazidi kukua. Nikashindwa kunyamaza: "Mwanangu, mbona unaharibu?" Akasema, "Mama, macho ya wavu yaliyochanika hayashiki fundo. Nakata mpaka nifike kwenye macho mazima, ndipo naanza." Tukashuka ng'ambo, kila mtu na njia yake. Jina sikumuuliza.

Wiki ile ile nikaletewa gauni la kitenge lililoungua kwa pasi. Zamani ningeweka kiraka kwa nyuma nikafichaficha. Nikalikata lile doa mpaka kwenye kitambaa kizima, nikaingiza kipande cha batiki, moja ya zile nilizoharibu, nikakizungushia uzi mwekundu unaoonekana hadi ng'ambo ya barabara. Mwenye gauni alinuna kwanza. Baada ya siku mbili akarudi na dada zake wawili.

Wengine mtasema ni bahati. Mimi nasema nendeni Bujora, hapo Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hawachezi kwa zamu. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hebu fikirini hali ya mchezaji: unapiga ngoma yako huku unasikia ya jirani, na unawaona watu wako wanaanza kugeuza shingo. Hapo ndipo mtu anapozua mtindo ambao hata nyumbani hakuujaribu. Ndiyo sababu wengine wanaingia uwanjani na chatu! Angejifungia ndani akisubiri wazo, chatu angebaki porini.

Mtaniuliza hela ya madarasa inatoka wapi. La batiki nililipa kwa kushona aproni za darasa zima. Kongamano nilifadhiliwa nauli. Kivuko mnakijua bei yake. Muda ndio mgumu zaidi, hasa kwa kina mama, na hapo sina jibu zuri. Mimi niliacha kupokea sare siku za Jumamosi, na kipato kilishuka, kikachukua mwaka kurudi.

Sasa hivi Jumamosi zangu najifunza kusuka vikapu. Mwalimu wangu ni binti wa miaka 19, ananiamkia shikamoo, ananiita mama, kisha ananifumulia kazi yote. Juzi kafumua mizunguko minne. Haya, maswali. Tuanze na dada wa pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja kostiki.