Mtwara hadi Bukoba kwa Ndege: Siku Inaliwa Wapi?

SOMOE: Karibuni wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kokote mliko. Kaka Hamisi leo kaja na ramani.

HAMISI: Ni kwa ajili ya mama mmoja wa Masasi, dada Somoe. Mwanawe kapangiwa ualimu Bukoba, naye anataka kwenda kuona anaishi vipi. Anauliza kutoka uwanja wa Mtwara hadi wa Bukoba ni umbali gani, na atafika baada ya muda gani.

SOMOE: Pembe hii ya nchi hadi pembe ile!

HAMISI: Ukipiga mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,360. Ndege ya pangaboi ikiruka bila kutua ingetumia saa mbili na nusu hivi.

SOMOE: Lakini lazima upite Dar.

HAMISI: Ndiyo. Mtwara hadi Dar ni kilomita 400 za angani, kama saa moja. Dar hadi Mwanza 850, saa moja na nusu hivi. Halafu Mwanza hadi Bukoba 175, hujakaa vizuri mnaanza kushuka.

SOMOE: Ndiyo maana watu wa kusini tunasema tunazungushwa.

HAMISI: Hebu jumlisha.

SOMOE: 400, 850, 175… 1,425.

HAMISI: Ziada ni kilomita 65 tu! Ndege inazimaliza kwa dakika chache. Kupitia Dar hakurefushi sana njia ya Bukoba. Anayezungushwa kweli ni wa Mbeya: Mtwara hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni 775 ukinyoosha, lakini ukipitia Dar zinafika 1,090.

SOMOE: Sikuwahi kuliwaza hilo. Sasa siku nzima inaliwa na nini?

HAMISI: Kusubiri. Ukitua Dar ukakuta ndege ya Mwanza imeshaondoka, unalala. Hapo kuna gesti, chakula, na teksi ya kwenda na kurudi. Kwa mama aliyeuza korosho zake apate nauli, hiyo ni pesa ya kuuma.

SOMOE: Inaniuma hata mimi. Basi akienda kukata tiketi, aulize kwanza muda wa kuunganisha ndege, kabla ya bei.

HAMISI: Na safari yote iwe kwenye tiketi moja. Akikata mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri, na nauli inaweza kupotea. Ikiwa moja, kwa kawaida shirika ndilo linalomtafutia ndege nyingine.

SOMOE: Na Masasi yenyewe si karibu. Ni kilomita 200 hivi za barabara hadi Mtwara.

HAMISI: Ndege ikiwa ya asubuhi, aje jana yake. Wa Lindi naye ahesabu zile 100 na ushee za kupita Mnazi Mmoja na Mikindani.

SOMOE: Kuna jambo moja kwa wanaoswali. Saa ni moja nchi nzima, ila Bukoba iko magharibi mno, adhuhuri yao inaingia kama nusu saa baada ya yetu. Asishangae adhana kuchelewa.

HAMISI: Umefanya vizuri kulisema. Na yule kijana asiende uwanjani kumpokea kwa kufuata saa ya kwenye tiketi. Mama ampigie akiwa Mwanza, anapoitwa kupanda.