Nani Aliuchomoa Tena Upanga wa Petro?

Ndugu zangu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilalama juu ya Wakristo kwenda vitani, na yule mzee wa mbele keshaanza kutabasamu. Nivumilie, mzee wangu.

Mahubiri ya Mlimani, yale ya kuwapenda adui, hamhitaji niwasomee. Twendeni Tebessa, katika Algeria ya leo, mwaka 295. Kijana Maximilianus ana miaka 21. Baba yake ni mtu wa jeshi, kwa hiyo mtoto naye anatakiwa. Analetwa mbele ya liwali Dion, anapimwa kimo, kinasomwa kwa sauti: futi tano na inchi kumi. Anafaa! Liwali anaamuru avishwe shingoni ule muhuri wa risasi wanaovaa askari. Kijana anagoma. Siwezi kutumika jeshini, asema, mimi ni Mkristo.

Hapo Dion anatoa hoja ambayo naisikia hadi leo kila nikimaliza kuzungumza: mbona katika walinzi wa makaisari wamo Wakristo, na wanatumika? Ni kweli, walikuwamo, sitawaficha. Kijana akajibu kwamba hao wanajua linalowafaa. Yeye ni Mkristo, hawezi kutenda uovu. Hakumlaani mtu. Akahukumiwa kifo. Kabla ya kukatwa kichwa alimgeukia baba yake, akamwomba zile nguo mpya alizomshonea kwa ajili ya jeshi ampe mwuaji wake. Nguo mpya, jamani! Kwa anayekukata shingo! Na sisi kumsogelea mwenzetu kwenye benchi la kanisa ni kazi.

Kanisa likamwita mtakatifu. Halafu mwaka 416, miaka 121 tu baadaye, sheria ya Kaisari Theodosius wa Pili ikawafungia wapagani mlango wa utumishi wa dola, jeshi likiwamo. Wapagani!

Najua kuna mtu keshafungua Luka 22. "Mwalimu, na zile panga mbili wanafunzi walizomwonyesha Yesu?" Panga mbili dhidi ya Roma: jeshi gani hilo? Tena Petro alipoutumia upanga usiku uleule, faida yake ilikuwa sikio la mtumwa mmoja, na Bwana akaliponya palepale. "Rudisha upanga wako mahali pake." Na kile kikoto cha kambaa Yesu alichokitumia hekaluni? Yeye aliswagia kondoo na ng'ombe, ninyi mnabarikia ndege za kivita. Hebu tuheshimiane.

Askofu Agostino, mzaliwa wa pande zilezile za Algeria, alipoandika juu ya vita vya haki alitaka kuvibana. Sasa masharti yake yamegeuzwa kuwa kibali. Ni mara ngapi kanisa la nchi inayopigana limeyapima, kisha likawaambia vijana wake: hivi vyetu havikufaulu, msiende?

Kabla ya ndege kuruka kwenda Hiroshima, kasisi wa jeshi aliwaombea askari waliokuwa wakiirusha. Siku tatu baadaye, tarehe 9 Agosti 1945, bomu la pili likalipuka Nagasaki, karibu na kanisa kuu la Urakami. Rwanda, 1994, Ntarama na Nyamata: waliokimbilia kanisani waliuawa humohumo.

Nilitaka kuwagusa Wamenonaiti, Wakristo wanaokataa vita, na Krismasi ya 1914, askari wa pande mbili walipoacha kupigana kwa muda, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, wachungaji na mapadre mliomo humu: vita vikitangazwa Ijumaa, Jumapili mtahubiri andiko gani? Mmoja aliwahi kuniambia kwamba yeye husubiri kwanza tamko la maaskofu. Karibuni kwa maswali, na tafadhali, mwenye Warumi 13, ile ya kuwatii wenye mamlaka, awe wa mwisho.