Moto au Mafuriko Mtaani: Jinsi Mwenye Ulemavu Atakavyotoka Salama

Karibu mtazamaji. Video hii ni yako wewe mwenye ulemavu unayeishi Nairobi, uwe kwenye ghorofa kule Pipeline au kwenye ploti ya mabati kule Mathare. Ni ya jirani yako pia, kwa hivyo mwite mtazame pamoja. Kila ninachoonyesha nitakitaja kwa mdomo ili asiyeona afuate, na maandishi yanapita chini ya skrini kwa asiyesikia.

Mpango tunaouandaa leo unaongozwa na mwenye ulemavu mwenyewe. Yeye ndiye anayejua bega lipi linauma, dawa ipi haiwezi kurukwa na kitu gani kinamtia hofu. Jirani, kazi yako ya kwanza ni kuuliza, na kusubiri jibu.

Hatua ya kwanza ni mlango. Hapa niko ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Dirisha lina grili, kwa hivyo njia ya kutoka ni moja tu. Mlango una geti la chuma, na usiku geti hufungwa kwa kufuli. Wengi wetu tukishafunga, ufunguo tunauacha popote. Stima ikipotea na moshi ukijaa, hutaupata. Piga msumari hapa kando ya mlango, chini kabisa, mahali mkono wako unafika ukiwa umeketi kwenye kiti cha magurudumu au ukitambaa. Moshi hupanda juu. Hewa ya kuvuta iko karibu na sakafu, na ufunguo uwe huko huko. Kila usiku ukae kwenye msumari huo.

Ufunguo wa pili mpe jirani unayemwamini. Kwa kiziwi jambo hili ni la kufa na kupona, maana kubisha na kupiga mayowe hakutamwamsha. Lazima mtu aingie na kumgusa bega. Ukishamwamsha, mulika tochi usoni pako na mikononi mwako, si machoni mwake, aone unachomwambia. Kubalianeni mapema ishara mbili tu: ya moto na ya maji.

Hatua ya pili, njia. Ipite mchana, bila haraka. Chukua kamba, pima upana wa kiti chako kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, ukate hapo. Sasa pita na kamba hiyo kwenye kichochoro. Unaona hapa, kati ya ukuta wa mabati na tangi la maji? Kamba haipiti, basi kiti hakipiti. Afadhali ujue leo. Tafuta kichochoro kingine, au mwombe mwenye tangi alisogeze. Asiyeona ahesabu hatua kutoka mlangoni hadi barabarani, na ajue mtaro usio na kifuniko uko upande gani.

Njia ya moto huenda isifae wakati wa mafuriko. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama kwa miguu miwili. Anayetembea kwa magongo asijaribu kabisa. Aprili 2024 mafuriko ya Mathare yaliwakuta watu usiku. Kwa hivyo ukiishi karibu na mto, usisubiri kuyaona maji. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikianza, na Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, nenda kwa ndugu aliye juu mlimani kungali mchana. Kuondoka mapema ndiko kunakomfaa zaidi mtu asiyeweza kukimbia.

Hatua ya tatu, watu. Chagua watatu, si mmoja, kwa sababu mmoja atakuwa kazini na mwingine amesafiri. Wawe wa karibu kweli: wa mlango wa pili, mama mwenye kibanda cha mboga, soja wa geti. Gari la zimamoto laweza kukwama kwenye foleni au lishindwe kuingia mtaani. Atakayekufikia kwanza ni jirani. Mjulishe pia mzee wa mtaa kwamba hapa pana mtu atakayehitaji kusaidiwa kutoka. Nunua filimbi, uivae shingoni ukilala.

Sasa twende kwenye ngazi. Hapa nitachukua muda, maana hapa ndipo watu huumizwa na waliotaka kuwasaidia. Lifti haitumiki wakati wa moto. Tuko ghorofa ya tatu, na mwenye kiti anatazama ngazi zinazoshuka. Aliye na nguvu zaidi asimame nyuma yake, ashike vishikio vya kusukumia na kukiinamisha kiti nyuma. Wa pili atangulie chini, uso kwa uso naye, na ashike fremu yenyewe. Msishike pa kuegemeza mikono, wala pa kukanyagia, wala gurudumu, vinachomoka. Mwenye kiti ndiye anayehesabu: moja, mnashuka kidato, mbili, kingine. Akisema simameni, simameni.

Kiti cha batri ni kizito mno kukibeba ngazini. Kiacheni, mbebeni mtu. Muulizeni kwanza ashikwe wapi, hasa kama ana jeraha la uti wa mgongo au mpira wa mkojo. Kwenye korido tambarare mnaweza kumlaza juu ya blanketi nzito na kumvuta, kichwa kikitangulia.

Kwa asiyeona, usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua, umwambie, "Ngazi zinashuka," na mkifika, "Hicho ndicho kidato cha mwisho." Mtoto anayeshtushwa na kelele azoeshwe njia hiyo siku za utulivu, akiwa na yule yule atakayemtoa.

Mkoba ni jambo fupi: dawa za wiki moja, hasa za kifafa, maana kuzikatiza ghafla ni hatari, nakala ya kitambulisho na ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, tochi, maji, pauabenki. Utundike kando ya ule msumari.

Namba za dharura ni 999, 112 na 911. Msalaba Mwekundu ni 1199. Ukipiga, taja mtaa, steji iliyo karibu, ghorofa, kisha useme, "Kuna mtu hawezi kushuka mwenyewe." Asiyeweza kuzungumza aandike ujumbe huo leo na kuuhifadhi kwenye simu, autume kwa wale watatu ili wapige namba hizo kwa niaba yake.

Mwenye nyumba akikataa kukuhamishia chumba cha chini kikiwa wazi, mweleze kwamba kifungu cha 54 cha Katiba kinakupa haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Nenda na jirani, nenda na chifu ikibidi.

Sasa simamisha video. Waite wale watatu Jumapili hii, mzime taa, mjaribu kutoka kuanzia kitandani hadi barabarani. Mtakapokwama, paandikeni, mparekebishe, kisha mrudie.