Tairi za inchi 35 kwenye Land Cruiser 80: uweke difu ya ngapi?

Habari zenu, karibuni gereji. Hili shangingi mnaloliona nyuma yangu ni Land Cruiser 80, injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo. Mwenyewe amelinyanyua: springi mpya, shokapu mpya, na zile tairi za kiwandani amezitoa, amefunga hizi 315/75R16 ambazo mtaani tunaziita inchi 35. Limependeza, sikatai. Sasa kaja analalamika. Gia ya tano imekuwa pambo, kilima kidogo tu anarudi ya nne, kilima cha maana ni ya tatu, klachi inanuka na dizeli inakwisha haraka. Nimelikagua, injini haina ugonjwa wowote. Kilichobadilika ni tairi, na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, haijaambiwa.

Kwa hiyo leo hatufungui kitu. Leo tunachagua namba ya difu, na ni hesabu ya dakika kumi ukiwa na simu, chaki na futi kamba.

Tuanze na namba yenyewe. Ndani ya difu kuna pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka kwenye giaboksi, na kuna krauni, gia kubwa inayozungusha ekseli. Ukisikia difu ya 4.10, maana yake propela izunguke mara 4.10 ndipo tairi zizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari linavuta zaidi, ila kwa mizunguko ileile ya injini mwendo unapungua. Vijana wa bodaboda hawahitaji somo hili. Anayebeba mizigo milimani anabadilisha sproketi ya nyuma, anaweka yenye meno mengi. Hapa mambo ni yaleyale, isipokuwa sproketi yetu imezama kwenye oili. Na ukifunga tairi kubwa ni kama umeweka sproketi yenye meno machache, tena bila kukusudia.

Haya, kazi ya kwanza: jua una difu ya ngapi sasa hivi. Kuna kibati cha gari kina sehemu imeandikwa AXLE, na herufi na tarakimu zilizoandikwa hapo zinakupa namba ya kiwandani. Mimi nakisoma, lakini sikiamini moja kwa moja. Magari haya yana miaka 30, yamepita mikono mingi, na difu kutoka gari jingine hufungwa bila mtu kuandika popote. Tuhesabu wenyewe.

Tafuta sakafu ngumu. Weka mawe tairi za mbele, mbele na nyuma yake. Gia iwe nyutro. Piga jeki upande mmoja tu wa nyuma, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Ukishaweka stendi, achia hendibreki. Kama gari lina loka ya nyuma, ile inayofunga tairi mbili zizunguke pamoja, hakikisha imezimwa. Sasa chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, kama hivi. Mimi nazungusha tairi raundi 20 kamili, huyu kijana wangu anahesabu propela. Angalieni vizuri: tairi moja ikiwa chini na nyingine inazunguka, raundi mbili za tairi ni raundi moja ya krauni. Kwa hiyo raundi zangu 20 ni raundi 10 za krauni. Umepata ngapi? Arobaini na moja. Gawanya kwa 10, ni 4.10. Mngezungusha raundi mbili tu mngeona propela imeenda nne na kidogo, halafu mnaanza kubishana hiyo kidogo ni ngapi.

Na hiyo 41 haikuja kwa bahati. Krauni ya difu hii ina meno 41 na pinioni ina 10. Ile inayoitwa 4.56 ni 41 kwa 9. Ile 4.88 ni 39 kwa 8. Ile 5.29 ni 37 kwa 7. Mtu ataniuliza, kwa nini hawaweki 40 kwa 10 wakapata 4 safi? Kwa sababu jino lilelile la pinioni lingekutana na meno yaleyale manne ya krauni maisha yake yote, na lenye kasoro lingeyala hayo hayo. Ukiweka 41 kwa 10, kila jino linapita kwa kila mwenzake, yanachakaa sawasawa. Lakini tazama pia namba ya pili inavyoshuka: 10, 9, 8, 7. Pinioni inazidi kuwa ndogo, na gia ndogo inavunjika mapema kuliko kubwa. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Kazi ya pili ni kipimo cha tairi. Za zamani zilikuwa 275/70R16. 275 ni upana wa tairi kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Chukua 275, zidisha kwa 0.70, unapata 192.5, hicho ni kimo cha ubavu mmoja. Mara mbili ni 385. Ongeza rimu: inchi 16 mara 25.4 ni 406. Jumla milimita 791, hicho ndicho kipenyo. Sasa hizi mpya: 315 mara 0.75, mara mbili, ni 472.5, ongeza 406, unapata kama 879. Ukigeuza kuwa inchi ni 34.6, wala sio 35 aliyokuuzia muuzaji. Ukitaka ukweli wa tairi yako ilivyo chini ya uzito wa gari, weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima umbali, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Itatoka pungufu ya hesabu, kwa sababu tairi inabonyea kwa uzito. Ila usichanganye, tairi ya zamani ukaipigia hesabu na mpya ukaipima kwa chaki. Tumia njia moja kwa zote mbili.

Kazi ya tatu ni mstari mmoja tu kwenye simu. Difu ya sasa, mara kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. 4.10 mara 879 gawanya kwa 791. Inakuja 4.556. Mnaiona? Ni 41 kwa 9 hasa. Ukifunga 4.56, gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani.

Tuone kwa mizunguko. Gia ya nne ni moja kwa moja, injini na propela zinazunguka sawa, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Kwenye kilomita 100 kwa saa, tairi za zamani na 4.10, injini ilikuwa inazunguka kama 2,750 kwa dakika. Tairi mpya na difu ileile, inashuka mpaka kama 2,475. Wengine watasema hiyo ni faida, injini inapumzika. Haipumziki. Dizeli isiyo na turbo ukiizungusha taratibu huku umeibebesha, unakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari haliendi. Ukiweka 4.56 unarudi 2,750. Ukiweka 4.88 ni kama 2,950. Ukiweka 5.29 ni kama 3,200, na safari ya Dar mpaka Mbeya masikio yatakuambia.

Sasa tunafika panapohitaji akili kuliko simu. Hesabu ile inarudisha uwiano, hairudishi uzito. Tairi hii na rimu yake ni nzito kuliko ya zamani, na uzito wake uko mbali na kitovu, kwa hiyo kuianzisha na kuisimamisha kunagharimu. Gari limeinuka, linapigwa na upepo zaidi. Huyu bwana ana keria juu, ana matangi, ana winchi mbele. Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Ukiwa Dar au Tanga na hubebi mzigo, 4.56 inakutosha kabisa. Ukiwa unapanda Kitonga kila wiki kwenda Njombe, au unapeleka wageni ukingo wa Ngorongoro ulio juu ya mita 2,200, mimi nakupa 4.88. Ile 5.29 nawaachia wanaopanda mawe, watu wa mashindano kama Rhino Charge kule Kenya, ambako anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Kwa gari la safari, pinioni ya meno saba siipendi.

Na kama umefunga 285/75R16, zile za inchi 33? Hesabu inakupa kama 4.32. Acha difu yako, nunua tairi ya akiba.

Kuna anayeniambia abadilishe gia za transfa tu, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, ni rahisi zaidi. Gia za chini za transfa zitakusaidia kwenye mawe na matope. Lami huitumii hiyo, na tatizo lako liko lami.

Spidomita nayo. Kwenye gari hili inasoma kutoka kwenye transfa, haijui tairi zimekua. Sasa hivi ikionyesha 80, uko 89. Tochi ya trafiki haijali hesabu zako. Ukifunga 4.56 inasema kweli tena. Ukifunga 4.88 inazidisha kidogo, kama asilimia 7, na hiyo haijamponza mtu.

Kabla hujatuma hela, mambo mawili. Unabadilisha difu mbili, mbele na nyuma, namba moja. Nimewahi kuletewa 80 ya nyuma 4.88 na mbele 4.10, eti seti ya mbele inakuja. Gari hili nyingi zinavuta tairi nne muda wote, kwa hiyo transfa ilikuwa inabishana yenyewe kwa yenyewe njia nzima, imechemka huwezi kuishika. La pili, krauni ya mbele ya 80 nyingi meno yake yamekatwa kinyume na ya kawaida. Mwambie muuzaji kwa mdomo, na ukiipokea itazame kabla hujatupa boksi.

Siku ya kufunga, fundi bila geji ya kupimia mchezo wa meno, ile nafasi ndogo kati ya meno ya pinioni na krauni, asiguse. Difu ya nyuma hapa inataka milimita 0.15 mpaka 0.20, na hiyo haipimwi kwa kutikisa na mkono. Ikishafungwa, oili ya difu ya daraja la GL-5, safari ya kwanza kilomita 20 hivi taratibu, simama mpaka ipoe kabisa. Usivute trela kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili hiyo.

Huyu bwana tumekubaliana 4.88. Mzigo unakuja kwa meli, kwa hiyo Kitonga ataendelea kuipanda kwa gia ya tatu kwa muda.