Mwezi wa saba Kibosho: mtori wa mzazi na kofia ya wajina wa mama

Shikamooni wakubwa zangu, na mnaoniamkia, marahaba. Leo siko Bergen, Norwei, ninakoishi. Hiyo sauti mnayoisikia nyuma yangu ni ng'ombe wa mama anadai majani, na huu ukungu ni wa kwetu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba. Mlima umejifunika tangu juzi. Nimevaa sweta mbili na vidole bado vimekufa ganzi, kwa hiyo mkiona picha inacheza mnivumilie.

Wifi yangu, mke wa kaka, amejifungua. Mtoto wa kike, hii ni wiki ya tatu. Sura ya mtoto sitaionyesha, na wifi mwenyewe yuko ndani amelala. Ameniruhusu nisimulie, kupigwa picha hataki, na mzazi ni wa kusikilizwa. Nitakachowaonyesha ni kazi inayofanyika hapa nyumbani kwa ajili yake, tangu asubuhi mpaka usiku.

Twendeni jikoni. Mama ameamka saa kumi na moja. Mifupa ya ng'ombe iko jikoni tangu wakati huo, inachemka taratibu kwa moto wa kuni. Hizi ndizi ni mshare. Mtori wa kweli ni wa mshare. Ndizi nyingine utapika, utakula, lakini haitalainika hivi. Mtazameni mikono, ameipaka mafuta kabla ya kumenya. Utomvu wa ndizi mbichi ukikaukia kwenye vidole, sabuni haiuwezi, na ukidondokea kanga hiyo kanga ni ya shambani tu kuanzia leo.

Ndizi zinaingia kwenye supu na kitunguu na chumvi kidogo, zinaiva hadi ukizigusa na mwiko zinaachana zenyewe. Halafu unakuja huu upekecho. Ulikuwa wa bibi, mama yake baba, mti umekuwa mweusi kabisa. Hapa mama hapokelewi na mtu. Anapekecha mpaka asione donge hata moja, ndipo anatia samli. Mtori wa mzazi hauna pilipili na unakuwa mwepesi, wa kunywa. Bakuli la kwanza sasa hivi, la pili saa nne, halafu mchana, halafu jioni. Jumamosi kaka alichinja mbuzi, wifi akapikiwa mlaso: damu, maziwa na siagi ya kienyeji. Aliumaliza wote, mama akatabasamu siku nzima.

Ndugu zangu, nataka niwaambie kitu nilichokaa nacho moyoni tangu 2021. Mimi nilijifungulia Bergen, mwezi wa kumi na moja, mvua usiku na mchana. Nilihudumiwa vizuri sana. Mkunga alikuja hadi nyumbani, kliniki walinipigia simu, na likizo ya uzazi kule wazazi mnapewa wiki 49 kwa malipo kamili, mnagawana. Naishukuru ile nchi kwa dhati. Lakini mume wangu aliporudi kazini, nilibaki ghorofa ya tatu na mtoto begani, nakula mkate na jibini kwa mkono mmoja, nimesimama. Siku moja mama akapiga simu ya video akanikuta kwenye sinki naosha vyombo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mzazi. Nani amekuruhusu kusimama?" Akalia, na mimi nikalia.

Wifi anafanya kazi Moshi mjini. Sheria yetu inampa siku 84 za likizo yenye malipo, yaani wiki 12. Na wazee wetu, kabla ya hizo sheria, walimweka mzazi ndani miezi mitatu, analishwa, anakandwa, hagusi jembe wala kuni. Hesabu zinakaribiana, na kila nikiwaza hilo nawaheshimu zaidi wale wazee. Mimi nilikuwa na wiki nyingi kuliko wifi. Leo namwona wiki ya tatu ana nuru usoni ambayo mimi niliipata mtoto ameshaanza kukaa. Muda ninyi wenzangu mlioko nje mnao. Mtu wa kukumenyea ndizi ndiye hayupo.

Na hizo ndizi, ngoja nivae buti niwaonyeshe zilikotoka. Angalieni njia, kunateleza.

Hiki ndicho kihamba cha mama, shamba letu la kuzunguka nyumba. Kule juu kabisa ni mringaringa na migrivelia, inatupa kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa, na mnaona, punje zimeanza kuwa nyekundu, wiki ijayo tunachuma. Chini ya kahawa magimbi, na huku pembeni mama ana mnafu wake, ule ambao wenzetu wa pwani wanauita mnavu. Vyote hivi kwenye eneo ambalo nikiwa Bergen ningeliita uwanja wa kuegesha magari. Samadi ya yule ng'ombe inarudi hapa, na majani na vigogo vya migomba vinarudi kwake. Majirani zetu wa Shimbwe Juu, upande wa Uru, kihamba chao FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Mama nilipomwambia alisema tu, "Waje na huku."

Sogeeni hapa kwenye hili shina. Mkubwa huyu mwenye mkungu ni mama, huyu wa pili ni binti, na hiki kichipukizi ni mjukuu. Machipukizi mengine yote mama ameyang'oa, maana ukiyaacha yote kila mmoja anapata njaa. Sasa angalieni hii kamba ya mgomba mkavu iliyofungwa kwenye shina. Migomba ilipoanza kutoa mikungu miezi ile ya mwanzo wa mwaka, mama alijua wifi atajifungua mwezi wa sita. Akapita na kamba hizi, akafunga mashina sita. Maana yake: hizi haziendi sokoni Mbuyuni, hizi ni za mzazi. Mwenyewe wifi hakujua. Nami nimejua juzi tu, nilipouliza kamba ni za nini.

Na huu mmea wa mpakani wenye majani marefu ni isale, mnaujua. Kati ya mama na jirani yetu mmoja kulikuwa na maneno tangu mwaka jana, kuhusu zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Walikuwa wanasalimiana kwa shida. Mtoto alipozaliwa, yule mama alikuja na kibuyu cha maziwa, na juu ya kibuyu jani la isale. Kwetu isale ni jani la kuomba msamaha, ukiletewa hukatai. Mama alilipokea kwa mikono miwili, wakakaa hapo barazani hadi jioni.

Turudi ndani, mvua ya manyunyu inaanza.

Hii ni kazi ya usiku, tukishakula. Mama anafuma kofia, mimi nafuma blanketi. Kufuma nilifundishwa na mama huyuhuyu nikiwa darasa la nne, sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli ya baba, tumezinoa ncha kwenye jiwe. Uzi tuliupata Kiboroloni: unanunua sweta ya mtumba iliyotoboka, unaifumua, unaufua uzi, unauning'iniza na kitu kizito ili ujinyooshe. Bergen nikakuta maktaba ina jioni ya kufuma. Mimi nashikia uzi mkono wa kulia, wao wa kushoto, na siku ya kwanza nikajificha kona. Bibi mmoja akaja, akatazama mikono yangu kwa muda mrefu, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia mama. Akasema, "Kazi yake ni safi." Nilipomweleza mama kwenye simu alinyamaza, halafu akasema, "Mwambie asante."

Safari hii nimemletea mama sufu ya kondoo ya huko. Ameipokea, ameinusa, ameisugua shavuni, akasema kichwa cha mtoto mchanga itakiwasha, tuiweke kwenye blanketi. Kwa kofia amenunua uzi laini mjini. Vitanzi 72, na hatumii futi: anaizungusha kwenye ngumi zake mbili zikiwa pamoja, basi. Baridi ya huku mwezi wa saba na wa nane inaingia kichwani kwanza, kwa hiyo kofia lazima ifunike masikio.

Na kofia hii anaifumua na kuirudia. Mara tatu sasa. Kitanzi kimoja kikilegea, anafumua mistari minne. Jana nikamwambia mama, mbona hii inatosha, kofia ya mtoto ataivaa miezi mitatu tu. Hakunijibu. Nimeelewa usiku. Kaka huyu alikuwa na watoto wa kiume tu, huyu ndiye binti yake wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama yake baba. Yaani mama yangu. Kila mtoto akilia, mama anaitika kutoka jikoni, "Naja, wajina, naja."

Mmesikia? Ameamka. Mtori uko tayari, na leo nimeomba nimpelekee wifi bakuli mimi mwenyewe, mama amekubali. Nazima kamera, nahitaji mikono yote miwili. Aika, asanteni.